Mchango wa Mtandaoni: Pesa Zinaishia kwa Nani?

Maombi ya michango yanayosambazwa kwenye WhatsApp, Facebook na TikTok jijini Eldoret hufanana sana. Huwa na picha ya mgonjwa akiwa kitandani, sentensi chache kuhusu maradhi yake, kiasi kinachotakiwa na nambari ya simu ya kutumiwa M-Pesa. Mengi hutaja Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, MTRH, na hilo halishangazi: ndiyo hospitali kubwa ya rufaa katika eneo hilo, na hupokea wagonjwa kutoka Turkana, Pokot Magharibi, Bungoma, Busia, Nandi na kwingineko. Kwa hiyo mkazi wa Kapsoya au Langas huombwa amchangie mtu wa Lodwar ambaye hajui kwao, hajui ukoo wake, wala hana wa kumuuliza. Ugumu wote wa jambo hili unaanzia hapo.

Harambee ya zamani haikuwa na umbali huo. Tangu Jomo Kenyatta alipoifanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, mchango wa kijijini ulikuwa na kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina waliojulikana. Watu walikutana mahali pamoja, jina la kila aliyetoa likasomwa pamoja na kiasi chake, na jumla ikatangazwa kabla hawajatawanyika. Ilikuwa na madhambi yake. Wanasiasa waliigeuza jukwaa la kutafutia kura, na baadhi ya machifu wakaitoza kama kodi, hadi Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya 2003 ikawawekea watumishi wa serikali mipaka. Hata hivyo, aliyekula pesa za harambee alijulikana anakolala, na watu walikwenda kumdai.

M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, iliondoa safari na mkutano. Nguvu yake ilionekana Julai 2011 katika kampeni ya Kenyans for Kenya ya kuwasaidia waliokumbwa na njaa, wakiwamo wa Turkana: lengo la kwanza la Sh500 milioni lilifikiwa kabla ya mwezi mmoja kuisha, watu wa kawaida wakituma kidogo kidogo kwa simu. Mwaka uliofuata ikaja M-Changa, jukwaa la Kenya linalompa mchangishaji nambari ya kupokelea pesa na rekodi ya kila kilichoingia. Lakini kampeni ya 2011 ilikuwa na Shirika la Msalaba Mwekundu na makampuni yenye ofisi. Ombi la mtu binafsi lina nambari ya simu tu.

Katika makundi ya WhatsApp, mabaki ya kamati ya zamani yangali yanaonekana. Orodha hunakiliwa na kubandikwa upya na kila anayechanga: nambari, jina, kiasi, na tiki ya kijani mweka hazina anapoona pesa zimeingia. Chini yake huwekwa walioahidi. Ni daftari dhaifu, kwa kuwa yeyote anaweza kuongeza sifuri anaponakili, na watu wawili wakibandika kwa wakati mmoja jina la mmoja wao humezwa. Pamoja na udhaifu huo, orodha huwafanya wachangaji waonane, na mtu akiuliza "pesa zimefika ngapi?" wapo wanaolisoma swali lake. Ombi linalozunguka bila orodha wala kundi halina hata hilo.

Utapeli wenyewe huja kwa sura kadhaa. Ipo picha iliyoibwa, labda ya mtoto aliyetibiwa nchi nyingine miaka mingi iliyopita. Hii hugunduliwa kwa urahisi kwa kuitafuta picha hiyo kwenye Google Lens. Ipo akaunti ya WhatsApp iliyotekwa, ambapo ombi hutoka kwa rafiki anayejulikana ingawa rafiki mwenyewe hana habari. Yupo pia mgonjwa wa kweli ambaye bili yake imeshalipwa, au ambaye ameshafariki, lakini bango lake linaendelea kuzunguka. Sura mbaya kuliko zote ni ya nambari iliyobadilishwa. Ombi ni la kweli, picha ni ya kweli na wodi ni ya kweli, ila mtu amefuta nambari ya familia, akaweka yake, kisha akalisambaza upya. Anayepiga simu hospitalini kuuliza kama mgonjwa huyo yupo ataambiwa yupo, naye atatuma pesa kwa mwizi akiwa na moyo mweupe kabisa.

Kwa sababu hiyo, kuthibitisha kwamba mgonjwa yupo hakutoshi. Mfano mmoja mkubwa ulitokea New Jersey, Marekani, mwaka 2017. Kate McClure na mpenzi wake Mark D'Amico walichangisha zaidi ya dola 400,000 kupitia jukwaa la mtandaoni la GoFundMe kwa ajili ya Johnny Bobbitt, askari wa zamani asiye na makao, wakidai alimpa McClure dola zake 20 za mwisho ili anunue petroli. Bobbitt alikuwa mtu halisi na kweli alikuwa akilala nje. Kilichotungwa ni kisa cha petroli, na wote watatu, Bobbitt akiwamo, wakakiri makosa mahakamani. GoFundMe iliwarudishia pesa wachangiaji wapatao 14,000.

Mkenya aliyetuma kwa nambari ya simu hana kampuni ya kumrudishia namna hiyo. Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, humruhusu mteja kutuma ujumbe wa muamala kwenda 456 ili arudishiwe, lakini njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya pesa zilizotumwa kimakosa, na mpokeaji akishazitoa hakuna cha kurudisha. Michango ya Wakenya walioko ng'ambo ina pengo la aina yake. Kenya haimo katika nchi ambazo GoFundMe hulipa moja kwa moja, kwa hiyo ndugu aliyeko Marekani hufungua kampeni, akapokea pesa katika benki yake, kisha akazituma nyumbani. Jukwaa linasimamia hatua ya kwanza. Hatua ya pili inategemea uaminifu wa ndugu huyo peke yake.

Pesa zinaweza kuleta mtafaruku hata pasipo mwongo yeyote. Agosti 2015, makala ya mwandishi Jackson Biko kuhusu kijana mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa na uvimbe wa ubongo ilitafuta Sh1 milioni za matibabu yake India. Katika siku chache zikaingia zaidi ya Sh6 milioni. Nyuma ya kampeni hiyo kulikuwa na shirika, Africa Cancer Foundation, kwa hiyo pesa zilikuwa na msimamizi. Familia ya kawaida iliyopokea mara sita ya kiasi ilichoomba haina msimamizi, na aghalabu haikuwahi kusema ziada itafanywa nini. Ombi zuri hulijibu swali hilo kabla halijaulizwa.

Wakazi wa Uasin Gishu wana sababu zao za kuwa na wasiwasi. Wazazi wengi wa kaunti hiyo walilipa mamilioni ya pesa kwa mpango wa kaunti wa kupeleka vijana kusoma Finland na Canada, na mwaka 2023 wakawa barabarani Eldoret wakidai warudishiwe. Maofisa walifikishwa mahakamani na kukanusha mashtaka. Huo haukuwa mchango wa mtandaoni, na wazazi walikuwa wakilipia watoto wao wenyewe. Pesa zilipitia akaunti ya benki yenye jina rasmi, tena chini ya serikali ya kaunti. Yaliyofuata yanaonyesha kwamba mhuri na jina kubwa havitoshi pasipo mtu wa kutoa hesabu kwa tarehe inayojulikana.

Jiji hilohilo lina mfano wa upande wa pili. Hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka 2015 katika uwanja wa MTRH, ilijengwa kwa michango iliyochangishwa kupitia shirika la mwanariadha wa zamani Toby Tanser. Aliyechanga anaweza kwenda kuliona jengo na watoto waliolazwa ndani yake.

Kwa mgonjwa mmoja mmoja, karatasi inayosema mengi ni bili. Bili ya hospitali kubwa huwa na jina kamili la mgonjwa, nambari yake ya kulazwa, wodi, tarehe na salio. Bango la mchango mara nyingi huonyesha salio tu, sehemu nyingine zikiwa zimekatwa au kufifishwa. Mchangaji aitazame tarehe: bili ya miezi minne iliyopita haimhusu mgonjwa anayesemekana amelazwa jana. Atazame tarakimu pia, kwa kuwa iliyochomekwa kwa simu huwa na unene au rangi tofauti kidogo na zilizo jirani yake. Akiingiza nambari ya simu ya kutuma, M-Pesa humwonyesha jina la mwenye laini kabla hajakubali. Jina hilo likiwa tofauti na lililo kwenye bango, aache, apige simu kwanza. Wapo wenye laini zilizosajiliwa kwa jina la mke au mjomba, na maelezo hayo yana ukweli mara nyingi, lakini yatolewe na mtu anayejulikana.

Kiasi nacho ni dalili. Tangu Agosti 2023 akaunti ya M-Pesa haiwezi kushika zaidi ya Sh500,000. Ombi la Sh3 milioni linaloelekeza pesa zote kwenye simu ya mtu mmoja lina maana kwamba pesa hizo lazima zihamishwe tena na tena, pasipo mchangaji kuona zinakokwenda. Mchango mkubwa unahitaji akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, au jukwaa lenye rekodi.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kulipa hospitalini moja kwa moja, kwa nambari ya Paybill ya hospitali na nambari ya mgonjwa kama akaunti. Nambari ya Paybill ichukuliwe kwenye dirisha la malipo la hospitali yenyewe, kwa kuwa ya kwenye bango inaweza kubadilishwa kama nambari yoyote. Njia hii nayo ina upungufu. Bili haihesabu dawa zilizoagizwa kutoka duka la nje, nauli ya kutoka Kapenguria, wala chakula cha mama anayelala kwenye benchi akimwuguza mwanawe. Kwa mahitaji hayo mtu hana budi kutuma kwa mwanafamilia, na hapo jina la chifu, kasisi au mwalimu anayeifahamu familia lina uzito zaidi ya picha kumi. Maofisa wa ustawi wa jamii katika hospitali za umma pia huwajua wagonjwa waliokwama kwa bili, wakiwamo wasio na ndugu mwenye simu ya kisasa.

Suala la bima halina budi kuulizwa. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa bima wa NHIF Oktoba 2024, na asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600. Familia iliyoshindwa kulipa kiasi hicho huenda ikasaidika zaidi ikilipiwa bima kuliko ikichangiwa bili isiyokwisha.

Sheria haina meno mengi hapa. Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, inataka kibali kwa anayechangisha umma, lakini iliandikwa kabla ya simu za mkononi, na bango la WhatsApp haliombi kibali cha mtu. Kupata pesa kwa uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka mitatu, na Sheria ya 2018 ya uhalifu wa mtandaoni ina adhabu kali zaidi. Aliyelaghaiwa Sh200 haendi kituo cha polisi, na matapeli wanalijua hilo vizuri sana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Mtoto aliyepigwa picha akiwa uchi na majeraha hakuulizwa, na picha hiyo itabaki mtandaoni akiwa mtu mzima. Ombi linalomstahi mgonjwa linastahili kuaminiwa zaidi kuliko linalomwanika.

Maombi mengi ni ya kweli, na anayekataa yote kwa kuogopa matapeli huwaadhibu wagonjwa. Basi anayeombwa na mtu asiyemjua aulize nambari ya mgonjwa, jina la anayeshika pesa na siku ya kutolewa hesabu. Akijibiwa, achange hata kama ni Sh50. Akipewa baraka na nambari ya simu peke yake, apeleke mchango wake hospitalini kwa mgonjwa mwingine.