Siku Nne kwa Baisikeli Katika Bonde la Mizabibu

Leo tunaendelea na masomo yetu ya kusoma ramani na kupanga safari. Kila mmoja awe na karatasi, kalamu, rula, na kipande cha uzi chenye urefu wa mita moja. Mwalimu wa kikundi tafadhali aandike ubaoni majina haya matatu: Trier, Cochem, Koblenz. La kwanza hutamkwa "Tria", la pili "Kokhem", la tatu "Koblents". Ni miji ya Ujerumani, na yote mitatu imejengwa kando ya mto mmoja uitwao Mosel.

Tumepata barua kutoka kwa msikilizaji wetu anayefanya kazi huko Ujerumani. Kaka yake mkubwa atamtembelea kutoka Tanga mwezi wa Septemba. Ndugu yetu anataka kumtembeza kaka yake kwa baisikeli katika bonde la Mosel, mahali panapolimwa zabibu za kutengenezea divai. Wanazo siku nne, Alhamisi mpaka Jumapili. Kaka ana umri wa miaka 58, na hajapanda baisikeli kwa muda mrefu. Ndugu yetu anaandika hivi: "Kwa ramani naona ni kilometa 95 tu. Tutakwenda kwa siku mbili, kisha tupumzike siku mbili. Je, mpango huu unafaa?"

Haufai. Sasa tuone kwa nini.

Ramani yake ni ya kipimo cha moja kwa laki mbili. Maana yake, sentimeta 1 juu ya karatasi ni kilometa 2 juu ya ardhi. Ameweka rula kutoka Trier hadi Koblenz, akapata sentimeta 47 na nusu. Mara mbili ni 95. Hesabu yake ni sahihi kabisa, lakini amepima njia ya ndege. Baisikeli hufuata mto, na mto huu hujikunja kama nyoka aliyekanyagwa mkia.

Basi chukueni uzi. Wekeni ncha moja Trier, mlaze uzi juu ya mstari wa mto, kila kona, polepole, mpaka Koblenz. Shikeni hapo, kisha nyosheni uzi juu ya rula. Mtapata sentimeta 96 hivi. Mara mbili ni kilometa 192. Safari imekuwa ndefu zaidi ya mara mbili ya ile aliyoipima! Siku hizi simu ya mkononi hupima umbali wa namna hii mara moja, na hakuna ubaya kuitumia. Lakini uzi hauishiwi na umeme, na mtu aliyepima kwa vidole vyake huzijua kona za mto kabla hajafika.

Sasa mwendo. Kijana mwenye nguvu anaweza kwenda kilometa 20 kwa saa katika njia tambarare. Sisi tumpangie kaka. Mtu mzima mwenye mzigo, anayesimama kunywa maji na kutazama mandhari, tumhesabie kilometa 12 kwa saa. Gawanyeni 192 kwa 12. Jibu ni saa 16. Kwa siku mbili, ni saa 8 kila siku juu ya kiti cha baisikeli. Mgeni wa miaka 58 ukimkalisha hapo saa 8, siku ya pili hataweza hata kukaa kwenye kiti cha kulia chakula! Kwa siku nne, ni saa 4 kila siku. Hilo linawezekana.

Mpango wetu ni huu. Siku ya kwanza, Trier hadi kijiji cha Neumagen, kilometa 40. Siku ya pili, Neumagen hadi Traben-Trarbach, kilometa 47. Siku ya tatu, Traben-Trarbach hadi Cochem, kilometa 54. Siku ya nne, Cochem hadi Koblenz, kilometa 51. Jumlisheni mwone kama inatimia 192. Kilometa moja au mbili zaweza kuzidi au kupungua kwa kufuata upande mmoja wa mto au wa pili.

Huenda mwanafunzi mmoja anauliza: kwa nini siku iliyo ndefu kuliko zote iwe ya tatu, wakati miguu imechoka? Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha somo la leo. Tazameni njia ya reli katika ramani. Reli hutoka Trier, hufuata mto mpaka Schweich, kisha huuacha mto na kupita nchi kavu. Kuanzia Schweich hadi Traben-Trarbach hakuna reli kando ya mto. Zamani ilikuwapo reli ndogo iliyopita humo, lakini ilifungwa katika miaka ya 1960. Kwa hiyo katika siku ya kwanza na ya pili, mtu akichoka au baisikeli ikiharibika, hana treni ya kumwokoa. Katika majira ya safari yako mabasi yanayobeba baisikeli, ila yataka kuwekewa nafasi mapema. Ndiyo sababu siku hizo mbili tumezifanya fupi.

Siku ya tatu mambo ni tofauti. Reli inarudi mtoni, na hapo pana jambo la ajabu. Kutoka kijiji cha Ediger-Eller mto hufanya kona kubwa mno, hata mpanda baisikeli huenda zaidi ya kilometa 20 kabla ya kufika Cochem. Treni haizunguki. Inaingia chini ya mlima katika tundu lenye urefu wa kilometa 4 na kidogo, lililofunguliwa mwaka 1879, na baada ya dakika chache imetokea Cochem. Basi wakifika Eller na kaka akasema, "Mdogo wangu, magoti yamegoma," watapanda treni pamoja na baisikeli zao, nao watalala Cochem kama walivyopanga. Siku ndefu iwekwe mahali penye mlango wa kutokea.

Kuhusu milima msiwe na hofu. Kutoka Trier hadi Koblenz mto hushuka kiasi cha mita 65 tu, na njia ya baisikeli ni tambarare, sehemu nyingi imetiwa lami. Upepo una nguvu kuliko mteremko. Upepo wa nchi ile mara nyingi hutoka magharibi, kwa hiyo anayekwenda Koblenz husukumwa mgongoni. Lakini asidanganywe na njia za mkato. Kutoka mji wa Bernkastel hadi Traben-Trarbach, kwa kufuata mto, ni zaidi ya kilometa 20. Kwa kukata mlima ni kama kilometa 7. Hizo 7 ni za mtu anayetembea kwa miguu na fimbo yake. Mwenye baisikeli na mizigo afuate mto.

Sasa tuseme kidogo juu ya mizabibu yenyewe, maana hiyo ndiyo watakayoitazama siku zote nne. Zabibu za Dodoma tunazijua: jua halikosekani, na mavuno huja mara mbili kwa mwaka. Mosel iko mbali sana kaskazini, na mavuno ni mara moja tu, Septemba na Oktoba. Jua la huko ni haba, hivyo mkulima hulitafuta. Hupanda mizabibu kwenye miteremko mikali inayoelekea kusini, ili miale ipige moja kwa moja. Ardhi imejaa mawe ya sleti, mawe yale yale ambayo zamani yalitengenezewa vibao vya kuandikia shuleni. Mawe haya hunywa joto mchana, na usiku huirudishia mizabibu joto hilo. Aina ya zabibu inayosifika huko huitwa Riesling, nayo haina haraka ya kuiva.

Karibu na kijiji cha Bremm, ambacho watakipita siku ya tatu, uko mlima uitwao Calmont. Mteremko wake hufika nyuzi 65. Egemezeni rula ukutani mpaka ikaribie kusimama wima, mtaelewa. Trekta haipandi hapo. Watu huvuna kwa mikono, na vigari vidogo vinavyotambaa juu ya reli moja huwasaidia kupandisha na kushusha mizigo. Kilimo hiki si kipya. Katika kijiji cha Neumagen, mwaka 1878, lilipatikana jiwe la kaburi la zama za Warumi, la karne ya 3, lililochongwa kama mashua yenye mapipa ya divai na wapiga makasia. Jiwe lenyewe liko katika jumba la makumbusho Trier; Neumagen wana mfano wake. Waanze kwa kuliona lile la Trier, na jioni ya siku ya kwanza watafurahi kulikuta pacha lake.

Sasa divai. Wakulima wengi wa huko hufungua nyumba zao kwa miezi michache ya mwaka, wakauza divai yao wenyewe na chakula chepesi. Nyumba hiyo huitwa Straußwirtschaft, nawe utaijua kwa shada la majani au ufagio uliotundikwa mlangoni. Ni mahali pazuri pa kukaa jioni. Nasema jioni, baada ya baisikeli kufungwa kufuli. Sheria ya Ujerumani humshika mpanda baisikeli pia: akipimwa na kukutwa na gramu 1.6 za kileo katika kila kilo ya damu, ana kosa la jinai hata kama hakuyumba. Kuanzia 0.3, akiyumba au akisababisha ajali, anaweza kushtakiwa. Na hata bila polisi, njia iko ukingoni mwa mto! Kwa kaka, ambaye barua inatuambia hanywi kileo, iko maji ya zabibu ya mashamba yale yale, tena mwezi wa Septemba huiva pichi za huko zenye nyama nyekundu. Hatakosa cha kuonja.

Ndugu yetu ameandika pia kwamba atanunua chupa 6 za divai siku ya kwanza awapelekee rafiki zake. Chupa moja iliyojaa ina uzito wa kilo 1.2 au zaidi. Mara 6 ni kilo 7.2, za kusukumwa kwa kilometa 192. Anunue siku ya mwisho, au amwombe mkulima amtumie sanduku kwa posta. Wakulima wamezoea kazi hiyo.

Juu ya malazi nina neno moja. Mwezi wa Septemba ni mwezi wa sikukuu za divai na mavuno, na nyumba za wageni hujaa, hasa usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Mpango wao wa Alhamisi mpaka Jumapili unawafikisha Cochem Jumamosi, na Cochem ni mji mdogo unaopendwa na watalii wengi. Ikiwa mwajiri ataruhusu, waanze Jumanne, wamalize Ijumaa. Akikataa, watafute kwanza kitanda cha Cochem, ndipo watafute vingine. Wakumbuke pia kwamba Jumapili maduka mengi ya Ujerumani hufungwa, kwa hiyo mkate na matunda ya Jumapili yanunuliwe Jumamosi.

Vitu vya kuchukua ni vichache: pampu, viraka na gundi yake, tyubu moja ya akiba, koti la mvua, na taa mbele na nyuma. Asubuhi za Septemba joto laweza kushuka chini ya nyuzi 10, basi kaka apewe glavu. Kabla ya safari azoezwe siku moja au mbili karibu na nyumbani, maana Ujerumani vyombo hupita kulia mwa barabara, nasi tumezoea kushoto. Mkono husahau, hasa kwenye njia panda.

Jambo la mwisho ni saa. Treni za huko huandikwa kwa saa 24, kuanzia usiku wa manane. Ukiona 15.20, usiseme ni saa kumi na tano. Toa 6. Inabaki 9.20, yaani saa tisa na dakika ishirini alasiri. Na jua la huko halishiki saa moja mwaka mzima kama letu. Mwezi wa Juni huzama karibu saa tatu na dakika 40 usiku. Mwishoni mwa Septemba, karibu saa moja na dakika 20. Wakiondoka saa tatu asubuhi, na saa 4 za kuendesha, wana nafasi ya kutosha ya kula, kupumzika na kuziba pancha kabla ya giza.

Sasa chukueni kalamu, mwandike kazi ya nyumbani.

Swali la kwanza. Kutoka Trier hadi Bernkastel kwa kufuata mto ni kilometa 64. Kwa mwendo wa kilometa 12 kwa saa, itachukua saa ngapi na dakika ngapi?

Swali la pili. Kaka amechoka akiwa Ediger-Eller. Treni imeandikwa 16.40. Kwa saa zetu ni saa ngapi?

Swali la tatu. Chora njia kutoka nyumbani kwako hadi soko la mbali unalolijua. Pima kwa rula, kisha kwa uzi. Andika tofauti yake, na uweke alama mahali ambapo mtu aliyechoka anaweza kupata gari.

Majibu tutayasoma mwanzoni mwa somo lijalo. Kwaherini.