Lipu ya Dari: Istilahi kwa Mwenye Nyumba Ajitengenezeaye

Mwongozo wa kazi za mikono usomwapo na fundi mwashi, kasoro za tafsiri aghalabu humpita bila madhara, kwa sababu mikono yake yaijua kazi kuliko karatasi. Mwongozo huohuo usomwapo na mwenye nyumba asiye fundi, ambaye ataka kutengeneza dari yake mwenyewe siku ya mapumziko, neno moja lililotumiwa ovyo laweza kumwangushia lipu kichwani. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna lipu ya dari isiyo sawa inavyotengenezwa, na papo hapo kupendekeza maneno ya kutumiwa katika kila hatua. Karibu maneno yote tunayo tayari. Kilichobaki ni kuyagawia kazi.

1. Dari na sakafu

Dari tunayoizungumzia hapa ni ile iliyopigwa lipu chini ya bamba la zege, au chini ya boriti na mawe katika majumba ya kale ya mwambao. Katika nyumba ya ghorofa, bamba lilelile ni sakafu kwa aliye juu na ni dari kwa aliye chini. Neno sakafu lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ni paa au dari. Kwa hiyo mfasiri asidhani kwamba msomaji atatambua upande unaokusudiwa. Tunapendekeza sakafu liwe jina la uso ukanyagwao, na dari liwe jina la uso utazamwao kwa kuinua macho. Tofauti hii ina faida: lipu ya dari ikiwa na doa la maji, chanzo chake huenda kikawa katika sakafu ya bafu la juu, na kazi yo yote ifanywayo chini kabla ya kuzuia maji hayo ni kazi bure.

2. Kasoro tatu

Kusema kwamba lipu "imeharibika" hakumsaidii msomaji, kwani kasoro zenyewe ni tatu na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni mbinuko, yaani mahali ambapo lipu imetokeza kumwelekea atazamaye. Ya pili ni mbonyeo, mahali ilipoingia ndani. Walimu wa sayansi wanayafahamu maneno haya katika somo la lenzi. Tukiyatumia, tutaepuka kusema "palipoinuka" na "palipoinama", maneno yanayochanganya sana katika dari, kwa kuwa kilichotokeza huko huwa kimeshuka. Njia rahisi ya kuziona kasoro hizi ni kuwasha tochi usiku na kuilaza karibu na dari, mwanga upite ubavuni. Kila mbinuko utatupa kivuli. Kisha hupitishwa ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 2 hivi, na mahali penye kasoro hutiwa alama kwa penseli.

Kasoro ya tatu haionekani kwa macho. Ni lipu ambayo haikushikana tena na zege au jiwe lililo nyuma yake. Tunapendekeza iitwe mwachano, kutokana na kitenzi kuachana. Huitambuliki ila kwa kugongagonga polepole kwa mpini wa nyundo: lipu iliyoshikana hutoa mlio mzito, na iliyoachana hulia kama mtungi mtupu. Hii ndiyo kasoro ya hatari. Lipu ya saruji na mchanga yenye unene wa milimita 15 ina uzito wa kilo 30 hivi katika kila mita moja ya mraba. Methali yatuhimiza kuziba ufa, lakini haituambii ni ufa upi. Ufa ulio juu ya mwachano ukizibwa, huwa tumeuficha mwachano na kuuongezea uzito.

3. Vitenzi vitatu

Kwa sababu hiyo, kitenzi kurekebisha pekee hakitoshi. Vyatakiwa vitenzi vitatu, navyo vifuatane kama kazi ifuatanavyo.

Kubandua ni kuondoa lipu yote iliyoachana, kwa tindo na nyundo, mpaka kufikia iliyoshikana barabara. Vumbi hufagiliwa, uso ulio laini mno huparuzwa ili lipu mpya ipate pa kushika, na mahali hapo hunyunyiziwa maji.

Kusawazisha ni kuufanya uso uwe sawa. Mbonyeo hujazwa kwa matabaka membamba. Kwa lipu ya saruji, kila tabaka lisizidi milimita 10 hivi, kwani tabaka nene huvutwa na uzito wake likashuka kabla ya kuganda. Mbinuko mdogo hukwanguliwa. Ulio mpana hupunguzwa kwa kueneza lipu mpya pembeni mwake kidogo kidogo, hata jicho lisiutambue.

Kulainisha ni kuondoa ukwaruzo, kwa tabaka jembamba la jasi au chokaa na hatimaye kwa msasa, ambao umelirithi jina la mti wenye majani ya kukwaruza. Uso waweza kuwa laini bila ya kuwa sawa, nao waweza kuwa sawa bila ya kuwa laini. Tena mfasiri aandike "lainisha uso wa lipu", wala si "lainisha lipu", maana msomaji aweza kudhani ameambiwa aitie maji mpaka iwe tepetepe.

4. Kukauka, kuganda na kukomaa

Agizo "acha ikauke" ndilo lenye kupotosha zaidi. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Huwa ngumu kwa kuungana na maji, na ikikauka mapema hubaki dhaifu na kupasuka. Kwa hiyo lipu ya saruji huganda kwa saa kadhaa, kisha hukomaa kwa siku kadhaa huku ikinyunyiziwa maji. Jasi nayo huganda upesi, na ikishaanza kuganda haifai kuongezwa maji. Wala isitumiwe mahali penye majimaji. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa. Katika majumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mombasa, kiraka cha lipu ya chokaa kiwe cha chokaa vilevile, kwani saruji ni ngumu mno kwa kuta hizo na huzuia unyevu kutoka.

5. Tahadhari

Mwongozo wo wote wa kazi hii hauna budi kutaja, kabla ya hatua ya kwanza, mambo manne: umeme wa taa uzimwe; mtu asimame juu ya jukwaa imara, wala si juu ya kiti kilichopandishwa mezani; macho na pua vikingwe; na dari ya mabamba ya asbesto, au yenye rangi ya zamani inayodhaniwa kuwa na madini ya risasi, isipigwe msasa kamwe. Nondo zenye kutu zikionekana, au ufa ukizidi kupanuka, kazi hiyo si ya mwenye nyumba tena, aitwe mhandisi.

Muhtasari wa istilahi

mbinuko: sehemu ya uso iliyotokeza kumwelekea atazamaye.
mbonyeo: sehemu ya uso iliyoingia ndani.
mwachano: hali ya lipu kutoshikana na kilicho nyuma yake.
kubandua: kuondoa lipu iliyoachana.
kusawazisha: kuondoa mbinuko na mbonyeo.
kulainisha: kuondoa ukwaruzo wa uso.
kuganda: kuacha hali ya ujiuji na kushika umbo.
kukomaa: kupata ugumu kamili baada ya kuganda.

Wasomaji walio karibu na mafundi waashi wanaombwa kuyapima maneno haya kazini. Fundi akiwa na neno lililo bora kuliko letu, hilo ndilo listahililo kuandikwa.