Gogo la mgomba linatosha kumfundisha mtoto kuruka

Msimu wa kahawa ukifika, mama wa Kibingo wilayani Kyerwa huwa na mikono miwili na kazi nne. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anabebwa mgongoni asubuhi, anakalishwa kwenye mkeka mchana, na akianza kusumbua anapewa simu. Anatulia. Shida iko hapo kwenye kutulia.

Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kujongea angalau dakika 180 kwa siku, kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni. Asikae amefungwa mgongoni au kwenye kiti zaidi ya saa moja mfululizo. Simu na televisheni hazishauriwi kabla ya miaka 2. Kumbeba mtoto si kosa, bibi zetu wametulea hivyo. Ila mteremshe, umwache acheze.

Huhitaji kununua kitu. Mkungu ukishakatwa, lichukue gogo la mgomba ulilaze uani. Mtoto anayejifunza kusimama atalishika na kulizunguka. Anayetembea atalipanda kwa tumbo na kushukia upande wa pili, miguu ikitangulia. Akifikisha miaka 2, mshike mikono yote miwili atembee juu yake, kisha mkono mmoja, kisha aruke chini. Hapo miguu, mgongo na uwezo wa kujizuia asianguke vyote vinafanya kazi. Mvalishe nguo ya zamani, maana utomvu wa mgomba haufutiki.

Maganda makavu ya huo huo mgomba yanatoa mpira. Kwa mtoto mdogo ufunge uwe mkubwa na laini, aurushe kwa mikono miwili. Kuupiga teke huja baadaye, kwa sababu lazima kwanza aweze kusimama kwa mguu mmoja, hata kwa nukta moja tu. Mwenye miaka 2 anaweza pia kuvuta kidumu kitupu kwa kamba fupi, kubeba kikombe cha plastiki kupeleka kwa bibi, au kuruka kama chura. Na milima yetu ya Karagwe na Kyerwa ni mwalimu mzuri: kupanda mwinuko mdogo nyuma ya nyumba kunamchosha vizuri, na usiku atalala.

Vile vigari vya magurudumu vya kumfundishia mtoto kutembea viache dukani. Havimharakishi kutembea, na vinaweza kumfikisha kwenye moto au ngazi kabla hujageuka. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004.

Kabla ya kumwachia uwanja, angalia mambo machache: mafiga yenye moto, ndoo yenye maji, shimo la takataka, panga. Maharagwe na kahawa iliyoanikwa vinaweza kumkaba, kwa hiyo asichezee hapo. Awepo mtu mzima anayemtazama. Dada wa miaka 6 ni mwenzake wa kucheza, si mlezi.

Kuhusu kuchelewa kutembea, usimpime mtoto wako kwa wa jirani. Utafiti wa WHO uliotolewa mwaka 2006, uliohusisha watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ulionyesha kuwa watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Lakini kama amefika miezi 9 bado hakai mwenyewe, au miezi 18 na hatembei, au anatumia upande mmoja tu wa mwili, au alikuwa anatembea akaacha, chukua kadi yake ya kliniki uende zahanati wiki hiyo hiyo. Usingoje kahawa iishe. Mweleze mhudumu anachoweza na asichoweza kufanya, na kama aliwahi kupata degedege au malaria kali mtaje pia. Mtoto mwenye tatizo la viungo akianza mazoezi mapema hupata nafuu kubwa kuliko anayefichwa ndani mpaka umri wa shule.