Kutu na Ulikaji

Neno kutu hutumika kwa mapana mno katika ripoti za ukaguzi wa magari. Unguja, ambako upepo wa bahari huleta chumvi hadi ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, jambo hili lina uzito. Chuma kikipata maji na hewa hushika kutu. Chumvi huharakisha kazi hiyo.

Inafaa kutofautisha istilahi zifuatazo:

Ulikaji: kuharibika kwa metali yoyote kutokana na mazingira yake. Alumini hulika, lakini haishiki kutu.

Kutu: zao la ulikaji wa chuma, na chuma cha pua kikiwamo kwa nadra.

Kutu ya juu: iliyo usoni tu. Husuguliwa kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha hupakwa rangi ya kuzuia kutu.

Kutu pekechi: iliyokula bati kwa ndani. Dalili yake ni rangi kututumka, na bati kutoboka likidungwa kwa bisibisi. Hukatwa, kikachomelewa kiraka.

Mkaguzi akiandika "chesisi ina kutu" bila kubainisha ni ipi, mwenye gari atanunua rangi, na abiria wa Makunduchi watapanda gari bovu.