Mshahara Ukichelewa, Ugonjwa Hausubiri

Mjini Juba alfajiri huanza kwa ngurumo za magari ya maji. Magari hayo hupakia maji kando ya Mto Nile na kuyapeleka Munuki, Gudele na mitaa mingine ambako nyumba nyingi hazina mabomba. Wakati huo huo wauguzi na wakunga nao hushika njia kuelekea kazini, baadhi yao kwa miguu, kwa kuwa nauli ya bodaboda imewashinda. Mwenye gari la maji hulipwa papo hapo, pipa kwa pipa. Muuguzi hungoja mwisho wa mwezi, na katika miaka ya karibuni mwisho wa mwezi umepita mara nyingi bila ya mshahara.

Jambo hili lazihusu nyumba za askari kama lizihusuvyo nyumba za wauguzi. Daktari, mwalimu, polisi na mwanajeshi wote hula katika chungu kimoja, nacho ni Hazina ya Serikali. Chungu hicho kilipokauka mwaka 2024, watumishi hao walikaa miezi mingi bila ya kulipwa, na wengine walikaribia kutimiza mwaka.

FEDHA HUKWAMA WAPI?

Sudan Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai, 2011, ilirithi visima vya mafuta lakini haikurithi bandari. Mafuta yake hayana budi kupita katika mabomba yanayoivuka nchi ya Sudan hadi Port Sudan, katika pwani ya Bahari ya Shamu. Kiasi cha asilimia 90 ya mapato ya Serikali hutokana na mafuta hayo. Kwa hiyo likitokea lolote njiani, mtikisiko wake hufika hadi wodi ya wazazi mjini Juba.

Limetokea si mara moja. Januari 2012 uzalishaji ulisimamishwa kwa sababu ya ugomvi na Sudan juu ya malipo ya kupitisha mafuta, ukaanza tena mwaka 2013. Desemba ya mwaka huo vita vikazuka Juba penyewe. Kisha Februari 2024 bomba kubwa litokalo Upper Nile lilipasuka katika eneo la vita vilivyoanza nchini Sudan Aprili 2023. Zaidi ya nusu ya mafuta ya kuuzwa nje yakakwama, na ilipofika Januari 2025 ndipo ikatangazwa kwamba kazi ingeanza tena.

Hata hivyo si haki kulitupia bomba lawama yote. Sehemu ya mafuta huwa imekwisha uzwa kabla ya kutoka ardhini, ili kulipa mikopo ya nyuma. Bajeti nayo huchelewa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti ya mwaka 2024/2025 ilifikishwa Bungeni Novemba 2024. Tena, fedha kuandikwa katika bajeti ni jambo moja, na fedha kutolewa ni jambo jingine. Septemba 2025 tume ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu nchini humo ilitoa taarifa iliyosema kwamba ufisadi umemeza mapato mengi ya umma. Serikali iliyakanusha madai hayo.

KUCHELEWA NI KUPUNGUZWA

Wako wasemao kwamba mshahara uliochelewa haukupotea, kwani utalipwa siku moja. Kauli hiyo huwa kweli pale tu ambapo fedha haipotezi thamani. Wakati wa uhuru dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na paundi 3 hivi za Sudan Kusini. Desemba 2015 Serikali iliiachia paundi itafute thamani yake sokoni, na dola moja ikawa paundi 18 na zaidi. Mwisho wa mwaka 2024 dola moja ilihitaji maelfu ya paundi.

Sehemu kubwa ya bidhaa za Juba huja kutoka Uganda kwa barabara ya Nimule, yenye urefu wa kilomita 192. Unga, mafuta ya kupikia na sabuni hununuliwa huko kwa fedha za kigeni, na bei katika soko la Konyokonyo hupanda kila paundi inaposhuka. Muuguzi alipwaye mshahara wa Januari katika Agosti hupokea tarakimu zile zile, lakini kikapu chake hurudi nyumbani na unga mchache zaidi.

Hapo ndipo mtumishi huanza kugawanya siku. Asubuhi yuko zahanati, mchana anauza chai chini ya mti au anaendesha bodaboda. Wengine huacha kazi kabisa na kutafuta ajira katika mashirika. Hasara hiyo ni kubwa, kwani wakunga waliofuzu walikuwa wachache mno nchini wakati wa uhuru, na kumfunza mmoja huchukua miaka. Jambo hili si la Juba peke yake. Nchini Kenya madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100 tangu Desemba 2016, wakidai utekelezaji wa mkataba wa mishahara uliotiwa saini mwaka 2013.

SAA YA HOSPITALI

Ofisi yaweza kuahirisha kikao, lakini hospitali haiwezi kuahirisha uzazi. Mama atokwaye na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki katika muda wa saa mbili. Dawa ya oksitosini, inayosaidia kuzuia damu hiyo, hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na chanjo nyingi za watoto ni vivyo hivyo. Mafuta ya jenereta yakikosekana na jokofu likazimika, dawa hizo huharibika, na fedha zitakazokuja baadaye hazitazifufua.

Dawa zikikosekana, mzigo huhamia kwa jamaa wa mgonjwa. Huandikiwa karatasi wakanunue dripu, glavu na sindano katika maduka ya nje. Mke wa askari ambaye hajalipwa husimama mbele ya muuguzi ambaye naye hajalipwa, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyemkosea.

Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa na wafadhili. Mfuko wa pamoja wa afya, ulioanza mwaka 2012, ulisaidia zahanati na hospitali katika majimbo 8 kati ya 10 na kutoa posho kwa watumishi hadi mwaka 2024, mpango mwingine ulipochukua nafasi yake. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Misaada ilipokatwa mwaka 2025, zahanati kadhaa zilifungwa. Aprili ya mwaka huo shirika la Save the Children liliarifu kwamba watu 8 wenye kipindupindu, 5 kati yao watoto, walifariki huko Akobo, jimbo la Jonglei, walipokuwa wakitembea kwa miguu kutafuta matibabu.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Sudan Kusini haijakaribia kiwango hicho. Lakini hata kidogo kilichopo kingefaa zaidi kama kingefika kwa tarehe inayojulikana, na kama mishahara ya afya ingetengwa kabla ya matumizi mengine.

Nyumbani nako kuna la kufanya. Mama mjamzito na mumewe waanze mapema kuweka akiba ya nauli na vifaa vya kujifungulia, na wapange nani atakayemsindikiza usiku. Kadi za chanjo zitunzwe, na watoto wapelekwe siku ile ile chanjo inapopatikana. Mtu akiharisha, aanze kunyweshwa maji ya chumvi na sukari wakati safari ya zahanati ikiandaliwa: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Zaidi ya hayo, muuguzi asitukanwe. Askari ajuaye uchungu wa kulinda lindo huku watoto wake wakilala njaa, ndiye anayepaswa kumwelewa kuliko mtu mwingine yeyote. Wote wawili wameendelea kufika kazini. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walinena wahenga. Na katika wodi ya wazazi, ngoja ngoja huondoa roho.