Je, matetemeko yanaongezeka?

Darasani watoto wanatuuliza mbona siku hizi ardhi inatikisika kila mara. Wengine wameambiwa eti mwisho umefika. Sisi walimu tunawajibu hivi: Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya Bonde la Ufa, ambapo ardhi inaachana polepole, milimita chache tu kwa mwaka. Inakwama, halafu inaachia ghafla. Ndiyo tetemeko.

Kalemie ilitikiswa Desemba 2005, Bukavu Februari 2008, Bukoba Septemba 2016, na Goma siku nyingi baada ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021. Ukihesabu hayo tu utasema yanazidi. Lakini kubwa kuliko hayo yote lilipiga upande wa Rukwa mwaka 1910, lilipita ukubwa wa 7. Babu zetu hawakuwa na redio wala simu. Leo la Kalemie tunalisikia siku ileile, na vipimo vinanasa hata madogo.

Kinachoua hasa ni ukuta. Basi mtoto asilale chini ya tofali za udongo zenye ufa, na mawe ya kukandamizia turubai yasikae juu ya mkeka wake. Likianza, aliye karibu na mlango atoke, asimame mbali na nyumba. Msirudi ndani haraka, mara nyingi mengine hufuata.