Chama cha Siri, Ahadi ya Utajiri na Fundi Ngozi wa Boston



Mwezi uliopita mama mmoja alinijia baada ya sala ya alasiri, machozi yakimlengalenga. Mwanawe, kijana asiye na kazi, alipokea ujumbe simuni: jiunge na Frimasoni, utajirike. Akatuma akiba yote ya mamake kama ada ya kujiandikisha, na nambari ile ikazimwa. Kwa aibu, kijana akahamia kwa rafiki. Mama hakuniuliza habari ya pesa. Aliniuliza, "Sheikh, mwanangu amekwisha kuiuza imani yake?"

Nilimjibu: mwanao hakuingia popote, ameibiwa. Maulamaa wa Baraza la Fiqhi la Makka walikwisha kutoa hukumu mwaka 1978 kwamba si halali kwa Mwislamu kujiunga na chama hicho, na hukumu hiyo yatutosha. Lakini mtu huogopa asichokijua, na mwenye hofu hahadaiki kwa shida. Basi na tutazame tawi moja la chama hicho ambalo habari zake zimeandikwa, tuone kama mlikuwa na utajiri ndani yake.

Katika mji wa Boston, Marekani, aliishi mtu mweusi huru aitwaye Prince Hall, fundi wa ngozi. Tarehe 6 Machi 1775, yeye na wenzake 14 waliingizwa chamani na tawi la wanajeshi wa Uingereza lililotoka Ireland. Wazungu wa chama hicho mjini hawakuwakubali kuwa ndugu. Mwaka 1784 wakaandika London kuomba hati yao wenyewe. Iliwafikia mwaka 1787, na tawi likaitwa African Lodge, nambari 459.

Je, walitajirika? La. Waliyoyapata waliyapata kwa kalamu, tena hadharani. Mwaka 1777 Prince Hall na wenzake walipeleka ombi kwa baraza la Massachusetts kwamba utumwa ukomeshwe. Mwaka 1787 waliomba watoto weusi wasomeshwe, kwani wazazi wao walilipa kodi kama wengine. Wakanyimwa, na mwaka 1798 watu weusi wakafungua shule katika nyumba ya mmoja wao.

Mapema mwaka 1788, watu weusi watatu, wote huru, walihadaiwa kwa ahadi ya kazi melini, wakafungwa na kupelekwa visiwa vya Karibi ili wauzwe. Prince Hall na wenzake wakaandika mashtaka. Machi mwaka huohuo sheria ya kuzuia biashara ya watumwa ikapitishwa, na watatu wale wakarejeshwa Boston.

Sisi wa pwani, ambao majahazi yetu yalipata kubeba binadamu kama shehena, habari hii si ngeni kwetu. Tuzingatie jambo moja. Watatu wale walinaswa kwa ahadi ya riziki, kama alivyonaswa kijana wetu. Watu wao hawakuwalaumu kwa kuamini. Waliwatafuta mpaka wakarudi kwao.

Tunaamrishwa uadilifu hata kwa tusioafikiana nao, sembuse kwa watoto wetu. Nilimwambia mama yule: ipeleke nambari ile polisi, kisha nenda kamchukue mwanao, arudi nyumbani kabla ya magharibi. Alhamdulillahi, alirudi.

Wabillahi tawfiq.